Shati Lisilofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, na yeye hakuwahi kumkanya mtu. Alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, kabati la nguo zilizokwisha, na benchi la wateja ambalo alilipaka rangi mbichi kila alipochoshwa na wapiga soga. Uani kulikuwa na karo la saruji, mapipa ya maji, sufuria kubwa ya kuchemshia mashuka, na kamba zilizopishana huku na huku, hata mgeni akiingia bila kuinama hujikuta amevaa soksi za watu kichwani.

Uchafu wa nguo haukumtisha. Aliletewa mashuka ya wagonjwa, suti ya bwana harusi aliyejitapikia kabla ya hotuba, aproni za wauza nyama zilizoganda damu mpaka zikasimama bila kushikwa. Alizamisha mikono mpaka viwikoni bila kukunja uso, huku akimuuliza mwenye nguo habari za watoto. “Uchafu wa nguo una adabu zake,” alizoea kusema. “Ukiuonyesha maji ya moto, unaaga.” Kilichomtia kinyaa, kinyaa hasa, cha kumfanya ateme mate pembeni na kukosa hamu ya kula, ni ukoo wake mwenyewe unapofunga virago.

Maana ukoo ule ulikuwa wa kuhama. Babu yake alivuka mpaka kwenda kuchimba madini, akamwacha mwanawe wa kwanza kwa dada yake. Mwana huyo alipokua akawa mpishi wa hoteli ng'ambo, akamchukua mkewe, akawaacha Shangazi na kaka yake mikononi mwa bibi yule yule aliyemlea yeye, ambaye kufikia hapo alikuwa haoni tena hata tundu la sindano. Kaka naye akawa dereva wa malori makubwa, akahamia mbali zaidi pamoja na mkewe, na kitoto chao cha kiume akakisukumiza kwa dada yake. Wakati huo Shangazi alikuwa na mchumba, fundi saa mmoja mpole, mwenye kucha safi. Fundi saa akamwambia, “Ukimaliza kulea, niite.” Alipomaliza kulea, fundi saa alikuwa na wajukuu.

Basi kila kizazi kilikwenda, na kila kizazi kiliacha nyuma mtoto. Walikuwa na jina lake: mtoto wa kubaki. Walilitamka kwa fahari, vifua mbele, utadhani wamempeleka mtoto kusomea udaktari. Mtoto wa kubaki ndiye anayeshikilia nyumba, walisema. Ndiye anayewafanya waliokwenda wakumbuke kurudi. Kurudi kwenyewe! Walirudi kwenye misiba, wamevaa viatu vipya, wakanunanuna kwa sababu choo cha nyumbani kimewashinda, wakala kona hata matanga hayajaisha.

Na walikuwa na utaratibu wao, ambao sijausikia kwa watu wengine wowote, na nashukuru. Baba anayesafiri huvaa shati moja mfululizo kabla ya safari. Hulifanyia kazi, hutokwa na jasho ndani yake, hulala nalo. Siku ya kuondoka, mtoto hulazwa mchana kwa kudanganywa na vitu vitamu, na akishasinzia, baba huvua lile shati akaliweka kando ya shavu lake. Kisha wazazi hutoka kwa kunyata, viatu mkononi, kama wezi wa kuku. Mtoto akiamka anakuta shati. Harufu ya baba, walisema, itamtuliza. Na shati lile halifuliwi kamwe, kwani kulifua ni kumkata mtoto na baba yake.

Shangazi alilijua vizuri shati hilo. La baba yake lilinuka vitunguu vilivyolala na mafuta ya kukaangia. Aliamka siku ile shavu limenata kwenye kola, akaita, akaita tena, halafu akatapika. Kaka yake, mdogo kuliko yeye, alilipenda. Alilifunga kiunoni kila siku mpaka likachanika vipande. Na kaka huyo huyo alipofika zamu yake, akamwachia mwanawe shati lake la udereva. Kitoto kile kiliitafuna kola mpaka ikawa nyuzi. Kilipengea kamasi kwenye mikono ya shati, kikalikojolea, kikalala juu yake. Ukungu wa kijani ukaota makwapani. Shangazi, dobi mwenye sabuni pipa zima, alilipita kila asubuhi ameziba pua, na kaka akipiga simu jambo la kwanza ni, “Dada, hujalifua, eh?” Hakulifua. Mwisho wake paka alizalia juu yake, na mtoto mwenyewe, akiwa ameshaanza shule, akasema paka aachiwe tu.

Mtoto huyo ndiye sasa aliyekuwa mtu mzima, fundi wa lifti, mpole, mwenye kucheka haraka, kipenzi cha Shangazi kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alioa muuguzi, mwanamke wa maneno machache aliyetoka kwenye familia isiyohama hata chumba. Walizaa binti, na binti huyo alikuwa na maneno kwa niaba ya mama yake na ziada. Kila mwisho wa wiki aliletwa kwa Shangazi, akamwita bibi, akapanga vibanio vya nguo mstari uani na kuvifundisha kusoma. Kibanio kilichokosea alikichapa.

Fundi wa lifti alipopata kazi ng'ambo, Shangazi alipokea habari hizo kwa kujikaza kisabuni. Alijua siku moja damu ya ukoo ingemwasha miguu. Alichojipoza nacho ni kwamba kampuni iliyomwajiri iliwakaribisha wote, baba, mama na mtoto. Hati za kusafiria za watatu zilikuwa tayari. Alizionyeshwa kwa macho yake. Akafua gauni za mtoto zote, akazipiga pasi, akazipanga kwenye begi dogo. Angalau hawa, alijiambia, wanaondoka kama watu.

Siku moja kabla ya safari wakaja kumuaga, jua la saa sita likiwaka. Shangazi alikuwa mezani na pasi mkononi. Aliisikia harufu kabla hajamwona mtu. Iliingia mlangoni kwanza: jasho lililolala juu ya jasho, grisi ya lifti, kwapa la siku nyingi. Nyuma yake akaingia mpwa wake, anatabasamu, amevaa shati la bluu ambalo kola yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

“Shikamoo, shangazi.”

Pua ya dobi ilikuwa imekwisha kumweleza kila kitu. Pasi ikakaa pale pale juu ya suruali ya mtu mpaka moshi ukatoka.

“Unaunguza, shangazi,” alisema mke.

Akaiinua pasi. Suruali ilikuwa imepata alama ya pembetatu makalioni, na mwenye suruali alikuwa mwalimu. Hakuijali. Mtoto alimkumbatia kiuno, akapiga mbio uani kwa wanafunzi wake.

“Mtoto haendi,” alisema Shangazi.

Mpwa alicheka ile haraka yake, akatazama dari. “Kwa muda tu, shangazi. Mpaka tujipange.”

“Kampuni iliwapa nafasi ngapi?”

“Tatu. Lakini tukaona... kule kazi ni za zamu. Mimi zamu, mama yake zamu. Mtoto atakaa na nani? Na wewe hapa uko peke yako, mnapendana. Si ni vizuri?”

Mke alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwenye mkoba wake.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, na si wa kumpamba. Moyo wa Shangazi uliruka kwa furaha. Kabla ya hasira, kabla ya chochote, ulishaingia chumbani ukasogeza kitanda chake ukutani ili kitanda kidogo kipate nafasi. Ulishasikia sauti ya kuamkiwa asubuhi. Tangu mpwa wake alipooa, nyumba ile jioni ilikuwa na sauti ya maji yanayodondoka kwenye karo, basi. Furaha ile ilipomfikia kooni, akaitambua. Ni ile ile aliyokuwa nayo bibi kizee aliyewapokea wao kwa mikono miwili. Akatema mate pembeni.

Simu ya mpwa ikalia. Alikuwa kaka, kutoka huko aliko. Mpwa akaiweka mezani ili wote wasikie.

“Dada!” Sauti ilijaa chumba. “Umempokea mjukuu? Sasa ndiyo nyumba imepata mtu!”

“Nyumba ina mtu. Mimi ninayeongea ni nani, bundi?”

“Usianze, dada. Huo ndio utaratibu wetu. Mimi niliachwa, wewe uliachwa, kijana aliachwa. Nani kati yetu ameharibika?”

“Wewe,” alisema Shangazi, akakata simu.

Mpwa wake hakukasirika. Hilo ndilo lililokuwa likiudhi, kwamba alikuwa na roho nzuri katika jambo baya hivyo. Alikwenda uani, akambeba mwanawe, akampa biskuti, akamwimbia. Shangazi alimtazama akimtembeza huku na huku chini ya kamba za nguo, akimpapasa mgongo, na mtoto akilegea taratibu kwa kumwamini. Miguu ile midogo ilipoanza kuning'inia, Shangazi aliona karaha iliyomfanya ashike ukingo wa meza. Mashuka ya wagonjwa, damu ya bucha, matapishi ya harusi, yote hayakumfikisha hapo. Mapenzi yale ya mpwa wake yalikuwa ya kweli kabisa, na alikuwa anayatumia kama dawa ya usingizi.

Akamlaza mtoto kwenye kitanda cha Shangazi. Kisha akatoka ndani amevaa shati jipya, na lile la bluu amelishika kwa ncha za vidole.

“Nimelivaa bila kupumzika,” alimwambia Shangazi, na alikuwa anajisifu. “Mpaka kazini walinihamisha meza. Nusa, imekolea vizuri.”

“Hilo shati la nini?” aliuliza mke.

Mpwa akatazama viatu vyake.

“Hajakwambia?” Shangazi alimgeukia mke. “Hilo ndilo baba wa mwanao. Mtoto akiamka, nyinyi hampo, atakuta hilo. Atalala nalo, atalila, atalikojolea, na mimi nitapigiwa simu kuulizwa kama sijalifua. Huyu mumeo aliimaliza kola ya baba yake kwa meno. Muulize ilikuwa na ladha gani.”

Mke alimtazama mumewe kama mtu aliyefunua sufuria akakuta panya. “Uliniambia tutamuaga mtoto jioni. Uliniambia umeshaongea naye, amekubali.”

“Akiagwa atalia,” alisema mpwa. “Hivi hawalii. Yaani, hawalii sisi tukiwepo.”

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yametoka mdomoni, uso wake ulibadilika kidogo, lakini mtu wa ukoo ule hageuki kwa sentensi moja. Akaanza kuelekea chumbani na shati lake. Shangazi akampitia mbele, akalinyakua, akatoka nalo uani. Maji ya mashuka yalikuwa yanachemka kwenye sufuria kubwa. Akalitumbukiza.

“Shangazi, usifue!”

Alikuja mbio, akadaka mkono mmoja wa shati uliokuwa bado nje ya maji. Shangazi alivuta upande wake. Walivutana pale kwenye sufuria, mtu mzima na mzee, maji ya moto yakiwarukia, na mkono ukatengana na shati kwa mlio mkali. Mpwa akabaki na kipande chake. Shangazi akakipora pia, akakitia majini, akamimina sabuni bila kupima.

Povu lilitoka la kahawia. Akalitoa shati kwa mti wa kukorogea, akalitupa kwenye karo, akalisugua kola kwa brashi ya makapeti. Harufu ilipanda na mvuke, ikamwingia mdomoni, na safari hii akatapika kweli, pembeni ya karo, akasukutua kinywa na kuendelea kusugua.

Mpwa alikuwa amekaa chini kwenye saruji iliyolowa, na shati lake jipya. Alikuwa analia bila kujificha.

“Mimi nililipenda lile shati,” alisema. “Lile la baba. Sikuona ubaya wake.”

“Ulilipenda kwa sababu hukuwa na mtu.”

“Nilikuwa na wewe, shangazi.”

Brashi ikasimama. Hakuwahi kuambiwa neno lile, na alikuwa amelingoja miaka yote ya kuvaa viatu vile vile vya kazini. Kama mpwa angelisema siku nyingine yoyote, Shangazi angempa kila kitu alichonacho. Alitaka kuacha kila kitu, amkumbatie, amwambie haya, niachieni mtoto, nendeni salama. Badala yake akafungua bomba akasuuza.

“Ndiyo maana unataka kuniachia wa kwako kama ulivyoachwa wewe,” alisema kwa sauti ndogo. “Kwa sababu nilijitahidi. Ningekulea vibaya, usingethubutu.”

Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, simu ya mumewe mkononi. “Piga kazini kwako,” alisema. “Ile nafasi ya tatu, iombe. Kama imekwisha, nenda peke yako, mimi nabaki na mwanangu mpaka ipatikane. Lakini humu ndani sitoki kwa kunyata.”

Mpwa alifuta uso, akapiga. Aliongea muda mrefu, akiwa amewapa mgongo, akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, samahani sana. Aliporudi alikuwa amechoka kama aliyepanda ghorofa zote za lifti zake kwa miguu. Nafasi ipo, alisema. Wataondoka wote watatu, ila safari itasogea wiki moja, na bosi amenuna.

“Akichoka kununa ataacha,” alisema mke, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kidogo acheke.

Mtoto aliamka kwa kelele zile. Alitokea mlangoni anapikicha macho, alama za mto shavuni. Mama yake akachuchumaa, akamweleza kila kitu, pole pole, kwa majina yake: ndege, nchi nyingine, nyumba nyingine, baba, mama na wewe. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Mimi siendi. Mimi nakaa na bibi.”

Akapita katikati ya wazazi wake, akaushika mguu wa Shangazi kwa mikono miwili. Gauni la Shangazi lilikuwa limelowa sabuni, lakini hakujali.

“Umesikia mwenyewe,” alisema mpwa, na tumaini likamrudia usoni, lile tumaini la ukoo mzima. “Hatukumlazimisha. Amechagua.”

Mke naye akamtazama Shangazi. Jambo lote sasa lilikuwa kwake. Neno moja tu, na mtoto ni wake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumlaumu. Kiganja kidogo kilikuwa kinampapasa gotini. Alijua kama angeinama kumtazama tu, yamekwisha. Hakuinama.

“Mimi sikutaki,” alisema.

Mtoto aliinua uso. “Kwa nini?”

“Una kelele. Unanichafulia vibanio. Bibi ana kazi nyingi.”

“Nitanyamaza.”

“Hata ukinyamaza. Sikutaki. Nenda na mama yako.”

Mikono ile ikaachia. Mtoto alirudi nyuma hatua chache, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, na pua yake ikajikunja namna ile ile ya Shangazi mwenyewe mbele ya kitu kichafu.

“Hata mimi sikutaki,” alisema. “Unanuka.”

Akatoka kwa mlango wa mbele bila kugeuka. Baba yake akachukua begi la gauni zilizopigwa pasi, akasimama mbele ya Shangazi, akambusu mkono uliochujuka kwa sabuni, akamfuata mwanawe. Mke ndiye aliyebaki nyuma. Alikuja mpaka kwenye karo, macho yamejaa machozi.

“Shangazi,” alisema, “mbona umemdanganya mtoto?”

“Nendeni, mwanangu,” alisema Shangazi, akiwa ameshika karo kwa mikono yote miwili. “Nendeni upesi, kabla sijamwita nikamwambia kweli.”